Hesabu ya Ngamia wa Bile

Sokoni Nunguni,
Wilaya ya Makueni.

8 Septemba 1996

Mpendwa ndugu yangu Kilonzo,

Pokea salamu nyingi kutoka huku milimani, ambako baridi ya Julai imekataa kuondoka mpaka leo. Hujambo, mwana wa mama? Mutindi naye, ule mgongo umepoa? Na watoto, wanaendeleaje na shule ya huko Botswana? Ukiniandikia usiniambie tu kwamba "wote wazima." Niambie nani ameng'oka jino na nani amekuwa mrefu kuliko mama yake.

Sisi huku tuko salama kabisa. Mwaitu, mama yetu, anakohoa kidogo asubuhi, lakini jua likipanda unamsikia akigombana na kuku kama zamani. Macho yake yamepungua nguvu. Mdomo bado.

Naandika kwa Kiswahili makusudi, ili watoto wako wasome wenyewe na kucheka wenyewe. Umesema Kikamba kimeanza kuwapotea. Basi Kiswahili kisiwapotee pia, kwa sababu habari ninayoleta ni ya kusomwa kwa sauti.

Kwanza asante kwa kitambaa ulichomtumia Syombua. Alikivaa siku ya harusi yake, begani, na kila aliyeuliza kimetoka wapi aliambiwa, "Kwa mjomba." Najua uliumia sana kukosa kuja. Usijilaumu, ruhusa ya kazi si kitu mtu anajipa. Lakini nikae chini nikueleze vizuri, maana harusi hii ilikaribia kutokuwa harusi.

Unamjua shemeji yako Nzioka. Bado ana lile lori lake la bluu. Ananunua kabichi na viazi hapa kwetu, anapeleka Tseikuru kule mwisho wa Kitui, ambako kabichi ni kitu cha kushangaza. Huko rafiki yake Bile Ugas anapokea na kuuza. Kurudi, lori linabeba mbuzi wa Bile mpaka Kambu, kwa wenye bucha za barabara ya Mombasa. Hawa wawili wamefanya kazi pamoja tangu Syombua akiwa darasa la tatu. Mmoja mzee wa kanisa, mwingine anaswali mara tano kwa siku, na sijawahi kusikia wamekosana.

Mwaka jana Bile alinunua redio mbili za kuongelea, zile kama za polisi. Moja akaiweka dukani kwake, nyingine wakaifunga ndani ya lori. Nia ilikuwa nzuri. Lori likikwama kwenye mchanga wa mto, Bile ajue, mbuzi wasisimame juani bila maji wakingoja gari ambalo haliji. Nzioka aliipenda ile redio kama mtoto. Hata hakuiita redio. Aliita "simu yangu."

Sasa mwezi wa tano akasoma habari katika gazeti. Ilikuwa ya nchi za ng'ambo, huko watu wana simu ndani ya magari. Gazeti lilisema kwamba katika kila madereva kumi waliopata ajali mahali fulani, mmoja alikuwa akiongea na simu. Mwandishi alikuwa anaonya watu waache tabia hiyo. Nzioka akasoma, akasoma tena, akavua miwani.

"Mama Syombua, huyu mwandishi hajui hesabu," akasema. "Mmoja alikuwa anaongea. Na wale tisa?"

"Wale tisa wamefanya nini?"

"Walikuwa wamenyamaza! Tisa kwa mmoja! Kinachoua watu barabarani ni kunyamaza."

Nilidhani ni mzaha. Lakini kumbuka mwaka juzi alisinzia kwenye usukani karibu na Kambu, akaamshwa na magurudumu yakigonga mawe ya kando. Hofu ile haikumtoka. Kwa hiyo gazeti lilipomwambia, kwa jinsi alivyolisoma yeye, kwamba dawa ni kuongea, alilipokea kama jibu la maombi. Tisa ni wengi kuliko mmoja, hata mtoto anajua. Moyo wangu ulikataa, lakini moyo hauwezi kubishana na mtu mwenye gazeti.

Basi akaanza kuongea. Akitoka Nunguni anafungua redio, akifika Tseikuru ndiyo anafunga. Bei ya viazi, mvua, magoti ya mwaitu, yote Bile aliyajua. Maneno yalipokwisha alimhubiria mahubiri ya Jumapili, tangu somo mpaka baraka, na Bile kwa upole wake anasikiliza huku anapimia watu sukari. Mkono wa kulia umeshika usukani, wa kushoto umeshika kile kipaza sauti chenye waya wa kujikunja. Akitaka kubadilisha gia anakibana kwa magoti.

Tena hakuishia hapo. Aliwahubiria madereva wote wa soko letu. Wasio na redio aliwaambia waongee na utingo wao, ili mradi wasinyamaze. Na watu wakamsikiliza, maana ni mzee wa kanisa, na gazeti lilikuwa mfukoni, limekunjwa, mtu akibisha anaonyeshwa.

Mutie, kijana aliyemposa Syombua, ni dereva. Ni mtoto wa watu wa Kambu, mpole, mrefu, anacheka kwa macho. Ilikuwa imekubalika kwamba baada ya harusi atachukua lori, Nzioka apumzishe mgongo. Kwa hiyo akaanza kufundishwa: usukani kulia, kipaza sauti kushoto, usinyamaze.

Jioni moja tukimenya viazi, Syombua akaweka kisu chini.

"Mama, Mutie anaogopa," akasema. "Ameniambia juzi wakishuka mteremko wa Salama walipishana na basi akiwa anaongea, na hakuliona mpaka lilipokuwa limeshawapita. Lakini atamwambia baba nini? Ndiyo kwanza anaingia nyumba hii."

"Mwambie asubiri, baba yako ataacha."

"Hataacha. Mama, ninaolewa na mtu. Sitaki kuwa mjane kwa sababu ya gazeti."

Aliyasema bila kulia, na hilo ndilo lililonitisha. Viazi vile sijui vilipikwa vipi.

Zilibaki wiki mbili kabla ya harusi. Nzioka alikuwa anakwenda Tseikuru kuchukua ng'ombe dume ambaye Bile alikuwa amemtoa zawadi. Nikamwambia nakwenda naye, nimsalimie Abdiya, mke wa Bile. Ukweli ni kwamba nilitaka kushika kile kipaza sauti. Tulipotoka nikanyoosha mkono. "Lete nikusaidie." Akakivuta kifuani. "Simu ya dereva ni ya dereva." Basi nikakaa, nikashika mlango.

Tulipita Kitui, tukapita Mwingi, tukapita Kyuso. Kule chini nchi ni kavu, udongo mwekundu, miti yote imebaki miiba. Jua lilikuwa kali na shemeji yako alikuwa na furaha. Alikuwa anamweleza Bile jinsi nilivyomfokea mshona nguo za harusi, ananiiga sauti, anacheka mpaka anafunga macho.

Mbele yetu kulikuwa na kona. Kwenye kona akatokea mwanamke na punda watatu waliobeba mitungi ya maji, katikati ya barabara. Niliwaona. Nikangoja Nzioka apunguze mwendo. Hakupunguza. Alikuwa anatazama mbele kabisa, Kilonzo, macho wazi, kama mimi nilivyokuwa natazama. Lakini hakuwaona. Macho yake yalikuwa dukani kwa Bile.

Nikapiga kelele ambayo sijawahi kupiga tangu nizaliwe.

Akazungusha usukani kwa mkono mmoja. Lori likaruka mtaro, likaingia kwenye miiba, likainama, nikasema sasa ndiyo basi, halafu likakaa. Kipaza sauti kilikatika waya kikaangukia miguuni pangu. Turubai lilipasuka na kabichi zikaanza kushuka moja moja, halafu zote pamoja, zikatapakaa barabara nzima.

Hakuna aliyeumia. Namshukuru Mungu kila ninapofika sehemu hii. Punda walisimama palepale walipokuwa, wakazitazama kabichi, wakaanza kula.

Yule mwanamke jina lake ni Kalunde. Hakupiga kelele, hakutukana. Alikuja taratibu mpaka dirishani kwa Nzioka.

"Mzee, nimekuona unaongea. Ulikuwa unaongea na nani?"

"Na rafiki yangu Bile, wa Tseikuru."

"Na huyo Bile yuko kwenye barabara hii?"

"Hapana."

"Na mimi niko wapi?"

Nzioka akafungua mlango, akashuka.

Watu walitokea, sijui kutoka wapi, maana pale hakuna hata nyumba inayoonekana. Wakasukuma, wakakata miiba kwa panga, wakaokota kabichi. Tuliwapa kila mmoja walizoweza kubeba, na Kalunde tulimpakilia kwenye punda wake. Akina mama wakaanza kucheka na kuimba, kwa sababu kabichi nyingi hivyo zilikuwa hazijawahi kuanguka kutoka mahali popote katika nchi ile.

Tuliporudi barabarani Nzioka akajikohoza. "Hii ilikuwa bahati mbaya tu," akasema. "Hesabu haijabadilika. Bado ni tisa kwa mmoja." Nilikuwa na hasira mpaka meno yakauma.

Tseikuru ilikuwa bado mbali tulipoona vumbi likija mbele. Ilikuwa pikapu ya Bile, mbio, inaruka mashimo. Ilisimama mbele yetu ikaziba njia. Bile akashuka, mlango akauacha wazi, akapanda kwenye ngazi ya lori, akamshika Nzioka uso kwa mikono miwili. Akamgeuza huku, akamgeuza huku, kama mtu anayetafuta jeraha. Ndevu zake zilikuwa zimelowa machozi.

"Mimi nasikia mama anapiga kelele," akasema. "Halafu redio kimya. Naita, Nzioka, Nzioka! Kimya. Wallahi nimejua nyinyi mmekufa."

Nikatazama nyuma ya pikapu. Kulikuwa na vijana wawili, jembe, maji, na godoro. Godoro lile Abdiya alilitoa kitandani mwake akalitupa mwenyewe kwenye gari, ili tusilazwe juu ya chuma. Nilipoliona, hasira yangu ikayeyuka nikalia. Na Nzioka pia alilitazama. Nadhani ni godoro lile lililomfungua masikio, kabla ya hesabu yoyote.

Kwa Bile tulipewa chai ya maziwa ya ngamia na anjera, ile mikate yao laini kama chapati, na Abdiya akanishika mkono hakutaka kuuachia. Tukishapumzika Bile akauliza, kwa sauti ya chini, kwa nini dereva mzuri kama huyu anaongea akiendesha. Nzioka akatoa gazeti. Akaeleza yote, lakini safari hii polepole.

Bile alifikiri kidogo, akasema, "Nzioka, nikuulize maneno ya kazi yangu. Kile kiangazi kikali, wanyama kumi wangu walikufa ndani ya lori wakienda sokoni. Tisa mbuzi, mmoja ngamia. Sasa lori linaumiza nani zaidi, mbuzi ama ngamia?"

"Mbuzi," Nzioka akajibu haraka. "Tisa!"

Abdiya akacheka, akajifunika mdomo kwa shela.

"Kiangazi kile chote nilipakia mbuzi mia tano," Bile akasema. "Na ngamia wawili."

Nzioka akaweka kikombe chini.

"Wawili?"

"Wawili tu. Ngamia hapendi lori, na mimi sijapakia mwingine tena. Sasa hao madereva wa gazeti. Walionyamaza barabarani wako wangapi? Wote! Barabara imejaa watu wamenyamaza, ni kama mbuzi zangu. Na wenye kuongea na simu?"

Nilimwona shemeji yako akisafiri kichwani mwake, kutoka Nunguni mpaka pale, akiyapita malori yote anayoyajua.

"Katika barabara yetu," akasema mwishowe, "mwenye simu ni mimi peke yangu."

"Na leo nani ameingia kwenye miiba?"

"Ni mimi."

Hakuna aliyemcheka. Bile alimmiminia chai nyingine. Nzioka akasema, karibu kwa kunong'ona, "Na nimemfundisha Mutie." Akarudia tena, "Nimemfundisha mtoto wa watu." Hapo nikajua imekwisha, na nikamhurumia kweli, maana mume wangu ni mtu wa kupenda watu, na wote hao alikuwa amewafundisha kwa kuwapenda.

Usiku ule nilimweleza hofu ya Mutie, na asubuhi aliomba bisibisi. Akaifungua redio upande wake, akaihamishia upande wa mlango wangu, na waya uliokatika akaunganisha mfupi, ili dereva hata akijinyoosha asiufikie. Akaniita. "Mama Syombua, kuanzia leo simu ni yako. Nikiwa peke yangu nitasimamisha gari ndipo niongee. Na usingizi ukija nitalala Mwingi, Bile atangoja." Bile akasema atangoja hata mwezi.

Basi tukarudi na ng'ombe, dume mweusi mwenye kiburi, kichwa juu ya kibanda cha lori, akitazama nchi kama yeye ndiye mwenye gari.

Sasa harusi yenyewe! Nikuandikie nini na niache nini? Kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Kwaya ya akina mama iliimba mpaka mchungaji akaomba waketi ili afungishe ndoa. Syombua alikuwa mzuri, Kilonzo, mzuri wa kukufanya utafute kitambaa cha kujifuta. Mutie alisema "nakubali" kabla ya kuulizwa, watu wakaangua kicheko. Bile alikuja na vijana wake, wakajipikia nyama yao waliyochinja wenyewe, na mwisho nusu ya Nunguni ilikuwa kwenye sufuria yao kwa sababu ya pilau.

Ukafika wakati wa baba kuongea. Nilitegemea maneno ya kawaida, pendaneni, heshimianeni. Nzioka alisimama, akawatafuta kwa macho madereva wote wa soko, walikuwa wameketi pamoja karibu na pilau.

"Niliwaambia kuongea kunaokoa dereva," akasema. "Niliwadanganya bila kujua, nikiwa na gazeti mkononi. Nilihesabu walioumia, sikuhesabu waliosafiri." Akaeleza mbuzi na ngamia, akaeleza punda na kabichi, hakujificha popote. Akamgeukia Mutie. "Wewe mwanangu, ulijua na ukanyamaza kwa heshima. Leo nakupa ruhusa mbele ya watu. Siku nyingine ukiniona naelekea kwenye mtaro, usiniheshimu. Nipigie kelele, kama mama yako alivyopiga."

Mutie aliinuka akaja akamshika mikono yote miwili. Na Syombua, bibi harusi mwenyewe, ndani ya shela lake jeupe, akapiga vigelegele. Wewe umewahi kusikia bibi harusi akijipigia vigelegele? Mwaitu alisema katika maisha yake yote hajaona, halafu naye akaitikia.

Kesho yake tuliwapeleka maharusi Kambu kwa wazazi wa Mutie. Nzioka aliomba aendeshe yeye, kwa mara ya mwisho kabla ya kumkabidhi Mutie lori. Mwaitu tulimketisha mbele, katikati yetu. Abdiya hakuwa ameweza kuja harusini, kwa sababu binti yao Ambiyo alikuwa amejifungua wiki hiyo hiyo. Kwa hiyo tulipofika barabara kuu nikamwita kwa redio nimsimulie. Mwaitu akanitazama kidogo, akaninyang'anya kipaza sauti.

Mwaitu hajui neno la Kisomali. Abdiya hajui neno la Kikamba. Na Kiswahili cha wote wawili unakijua. Lakini nakwambia waliongea! Mwaitu anamsimulia harusi kwa Kikamba, Abdiya anamsimulia mtoto kwa Kisomali, mmoja akicheka na mwingine anacheka. Mtoto mchanga akalia ndani ya redio, mwaitu akaanza kumbembeleza kwa wimbo aliotubembelezea sisi. Nyuma, juu ya magunia, Syombua na Mutie wakaudaka wimbo wakaimba. Na shemeji yako, mikono yote miwili kwenye usukani, macho barabarani, hakusema neno moja mpaka Kambu. Machozi tu yalikuwa yanashuka, na hakuwa na mkono wa kuyafuta, nikamfutia mimi.

Nisimalize karatasi yote. Msalimie sana Mutindi, mwambie mafuta ya mgongo nitayatuma nikipata mtu anayekuja huko. Wabusu watoto. Nzioka anakusalimu, anasema ukija utaendeshwa na Mutie na hutaogopa. Syombua na Mutie wanakusalimu kwa heshima. Bile na Abdiya wanauliza lini watakuona. Mwaitu amekaa hapa kando yangu, anasema nisiandike salamu tu, niandike kwamba anataka kukuona kwa macho yale yaliyobaki.

Mungu awalinde njiani na nyumbani, awape kazi isiyowachosha na chakula kinachotosha, na siku moja awarudishe wote kwenye meza yetu.

Mimi dada yako nisiyechoka kukuwaza,

Mbula